Kabla ya Kubeba Mabango: Jinsi ya Kuanzisha Harakati za Wanawake Mahali Unapoishi

Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, Marekani, Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikataa kumwachia abiria mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa. Wengi wetu hadithi hiyo tunaijua mpaka hapo. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake la mji huo, aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakadurufu vipeperushi kwa makumi ya maelfu hadi karibu na alfajiri. Kesho yake vipeperushi vilienea mjini, kwa sababu wanawake wale walishajua nani atagawa wapi. Tangu Mei 1954 walikuwa wamemwandikia meya barua kuhusu manyanyaso ndani ya mabasi na kumwonya kwamba watu wanafikiria kuyasusa. Mgomo wa kususia mabasi ulipoanza Desemba 5 ulidumu siku 381.

Mwongozo huu unahusu hiyo kazi ya kabla. Nauandika kwa ajili ya mwanamke aliyechoka kuona jambo baya likizoeleka mtaani kwake, na ambaye hana ofisi, hana mfadhili, wala cheo. Wanaume wanaotaka kusaidia nao wasome, nafasi yao ipo.

Hatua ya 1: Kutaneni wachache, msikilizane

Anza na wanawake watano au saba ambao kero yenyewe inawagusa. Usianze na wenye majina makubwa. Ukianza nao, kikao kitakuwa chao, na wale wenye machungu watakaa nyuma kimya wakisubiri kuambiwa la kufanya.

Chagueni mahali ambapo mwanamke akionekana anaingia hakuna atakayemhoji, na saa ambayo kweli ana nafasi. Mkiweka kikao wakati ambao kila mmoja yuko jikoni au kazini, msishangae wakija wawili. Watoto waje. Mmoja wenu akae nao pembeni, kwa zamu.

Swali la kwanza msiulize, "Haki gani zinakiukwa hapa kwetu?" Swali hilo huzaa hotuba. Uliza hivi: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulikwama wapi?" Hapo ndipo watu husimulia. Mmoja atasema njia ya kwenda kuchota maji ina giza. Mwingine atasema mshahara wake huingia kwenye simu ya mume. Wa tatu atasema alifukuzwa shambani siku arobaini baada ya mazishi.

Na usifunge daftari mapema. Nimekaa kwenye vikao vingi vya aina hii, na neno zito mara nyingi husemwa kikao kikishaisha, mtu akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, mkono mmoja umeshika kitasa. "Mimi nilikuwa na jambo, lakini basi tu." Ukisikia "lakini basi tu", keti tena. Mwache aseme kwa mwendo wake, usimkatize kwa ushauri, na usilipeleke lile jambo kwenye kikao kijacho bila ruhusa yake.

Katika harakati za Tanzania kazi hii ina jina lake: uragbishi. Mragbishi hafundishi. Anauliza, anasikiliza, anauliza tena, hadi wenye tatizo walichambue wenyewe na kuamua wenyewe hatua ya kuchukua. Ni kazi ya subira. Tengeni vikao vitatu au vinne kwa ajili hiyo tu, hata kama wengine watanung'unika kwamba hakuna kinachofanyika.

Hatua ya 2: Hesabuni

Kiongozi anaweza kupuuza malalamiko, lakini hesabu humsumbua. Gawaneni nyumba au njia, kila mmoja aulize watu kumi maswali matatu mafupi yanayofanana. Ni wasichana wangapi waliacha shule mwaka huu? Ni wajane wangapi walinyang'anywa ardhi? Ni mara ngapi zahanati ilikutwa imefungwa usiku? Andikeni tarehe na idadi. Majina ya waathirika yasiandikwe popote.

Msizidishe. Mkikuta kisa kimoja, semeni kimoja. Siku mtakayokamatwa na takwimu ya uongo, hata zile za kweli zitatupwa.

Hatua ya 3: Dai moja, lenye mtu wa kulijibu

Hapa ndipo vikundi vingi hupotelea. Kero mlizokusanya ni ishirini, zote zinauma, na kila mmoja anataka yake itangulie. Chagueni moja. Iwe inagusa wengi, iwe inaweza kutatuliwa ndani ya miezi michache, na muwe mnamjua kwa cheo mtu mwenye uwezo wa kusema "ndiyo".

Linganisheni barua hizi mbili. Ya kwanza: "Sisi wanawake tunadai haki, usawa na ulinzi." Ya pili: "Tunaomba taa sita ziwekwe kwenye njia itokayo stendi hadi makazi yetu kabla ya tarehe 30 Juni. Katika miezi mitatu wanawake 11 wameporwa au kushambuliwa hapo kati ya saa moja na saa nne usiku. Tunaomba tujulishwe kwa maandishi nani atasimamia kazi hiyo." Ya kwanza, mkubwa ataipigia makofi na kuiweka kwenye droo. Ya pili inamlazimu kukubali au kukataa, na akikataa atapaswa kutoa sababu.

Msione haya dai likiwa dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wilayani Nellore, India, wanawake wa kijiji cha Dubagunta walikuwa katika madarasa ya kujifunza kusoma na kuandika. Wakisoma na kuzungumza, wakaona mishahara ya waume zao inaishia kwenye araki, pombe kali iliyouzwa kijijini kwa leseni ya serikali, na kwamba kipigo cha nyumbani kilianzia kwenye duka lile. Hawakudai kwanza sheria ya taifa. Walidai duka la kijiji chao lifungwe, likafungwa. Vijiji vingine vikaiga, na mwaka 1992 wanawake wa wilaya hiyo wakazuia hata minada ya serikali ya kugawa haki za kuuza araki. Mwaka 1993 serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ikaipiga araki marufuku.

Hatua ya 4: Choreni ramani ya watu

Chukueni karatasi kubwa. Katikati andikeni cheo cha mtu mwenye uamuzi. Kumzunguka, andikeni wale anaowasikiliza: mke wake, kiongozi wake wa dini, wazee, walimu, wafanyabiashara, wapinzani wake wa kisiasa. Kisha jiulizeni nani kati yenu anamfahamu yupi. Mtashangaa. Aliyekaa kimya vikao vitatu ndiye anayesuka nywele za dada yake mkubwa huyo.

Lakini ramani ina kazi kubwa zaidi ya kufika kwa mkubwa. Kuna mambo ambayo hayana mkubwa wa kuyaamua, kwa sababu yanashikiliwa na jamii nzima. Kwa hayo, nasimulia kisa cha Senegali, ambacho kwangu ni somo kuliko mengi niliyowahi kusikia.

Tarehe 31 Julai 1997, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara, baada ya kupitia madarasa ya shirika la Tostan kuhusu afya na haki za binadamu, walitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba wameacha kukeketa mabinti zao. Walisifiwa huku na kule. Lakini kwa majirani wakasemwa vibaya: nani amewatuma kuanika mambo ya ndani, na kuwaamulia wenzao? Mzee mmoja wa kijiji cha Keur Simbara, imamu Demba Diawara, aliona kasoro iko wapi. Kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa sababu mabinti wake huolewa vijiji vingine. Mama anayempenda binti yake humkeketa akihofia kwamba asipofanya hivyo atakosa mume. Basi akashika njia kwa miguu, kijiji hadi kijiji, kwa ndugu na wakwe, akazungumza nao. Februari 1998 vijiji 13 vikakutana Diabougou na kutangaza kwa pamoja. Kuanzia hapo matamko ya aina hiyo yakaenea kwa mamia, kisha kwa maelfu.

Ndiyo maana, kama mnapambana na ndoa za utotoni, mahari yanayomfanya mke aonekane mali, au mila ya kurithi wajane, kwenye ramani yenu wawekeni wale mnaooana nao. Ulizeni: mtu akiacha mila hii leo, ni nani atamcheka, na ni nani atamkataa? Nendeni kwa hao kwanza. Msiende na matusi juu ya mila yao. Nendeni na swali, na mtu wanayemheshimu.

Wanaume nao wamo kwenye ramani. Jijini Kampala, mpango wa SASA! wa shirika la Raising Voices uliwatumia watu wa kawaida, wanawake kwa wanaume, kuzungumza na majirani zao kuhusu mamlaka ndani ya nyumba: nani anayo, anaitumiaje, mwenzake anajisikiaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika maeneo yaliyofikiwa, ukatili wa kimwili wa wenza dhidi ya wanawake ulikuwa chini kwa asilimia 52 ukilinganisha na maeneo ambayo hayajafikiwa. Mazungumzo hayo hayakufanyika kwenye majukwaa. Yalifanyika kazini, kibarazani, kwenye foleni. Mwanaume akitaka kuwaunga mkono, mpeni kazi hiyo ya kuzungumza na wanaume wenzake. Msimpe uenyekiti.

Hatua ya 5: Usalama, kabla hamjatoka nje

Mkishajulikana kwamba mnasikiliza, watakuja waliopigwa na waliobakwa, wengine usiku. Msisubiri siku hiyo ndipo mtafute namba za simu. Mwe na karatasi moja yenye kituo cha afya, polisi, msaada wa kisheria, na nyumba salama kama ipo, na muwe mmekwenda huko wenyewe kuona kama wanafungua na wanapokeaje watu.

Kila mwanachama ajue haya kwa kichwa. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba hufaa hadi siku tano, lakini zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwahiwa. Asioge kwanza wala kufua nguo alizovaa, kama anaweza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Na hata kama ameshaoga, aende tu. Anayeongozana naye asimuulize maswali ya "ulikuwa unatafuta nini huko", wala asimlazimishe kushtaki. Uamuzi ni wake.

Msijaribu kusuluhisha ndoa yenye kipigo kwa kuwakalisha mume na mke pamoja. Nia huwa njema, lakini mwanamke atayasema mbele yenu, nanyi mtaondoka, na yeye atabaki ndani na mtu aliyemsema. Zungumzeni naye peke yake. Mwulizeni anaogopa nini, na akitaka kuondoka atapitia wapi, na vyeti vyake viko wapi.

Simulizi ya mtu si bango lenu. Akikubali itumike, mwambieni wazi itasomwa wapi na nani, na kwamba anaweza kughairi hata asubuhi ya siku yenyewe. Akighairi, msimnunie.

Ninyi pia jilindeni. Rudini nyumbani wawili wawili. Kwenye kundi la WhatsApp wekeni saa na mahali tu, majina na visa vya watu visiingie humo, kwa sababu simu ya mwenzenu inaweza kushikwa na mume, mwana au polisi. Picha za vikao zipigwe kwa ridhaa ya wote, na anayekataa asiulizwe sababu. Someni pia sheria ya mikusanyiko ya mahali penu neno kwa neno, maana humo mara nyingine kuna upenyo. Aprili 1977, chini ya utawala wa kijeshi wa Argentina, akina mama 14 waliosimama katika uwanja wa Plaza de Mayo kudai watoto wao waliotoweka waliambiwa na polisi wasisimame, watembee. Wakatembea. Wawili wawili, kuzunguka uwanja. Matembezi hayo yakageuka kuwa ibada ya kila Alhamisi kwa miongo mingi.

Hatua ya 6: Pesa na majukumu

Kwa kifupi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watoke nyumba tofauti. Mchango uwe mdogo kiasi ambacho maskini kuliko wote anaweza kukitoa bila kukopa, na asiyenacho atoe kazi. Hesabu isomwe kwa sauti kila kikao, hata kama kilichotumika ni nauli ya mtu mmoja. Mfadhili akija mapema, mwambieni asubiri. Kikundi ambacho hakijakubaliana juu ya dai lake kitajikuta kinafanya dai la mfadhili.

Hatua ya 7: Chagueni tendo, na jina la tendo

Maandamano ni njia moja tu. Kuna barua ya pamoja, kukaa kimya mahali fulani kila siku, mgomo, igizo, kuhudhuria kila kikao cha wazi mkiwa wengi na kuuliza swali lilelile. Pimeni: ni lipi ambalo mwanamke mwoga kuliko wote kati yenu anaweza kushiriki? Mkilipata hilo, mtapata watu.

Mwaka 1975, Iceland, kulikuwa na pendekezo la wanawake wote kugoma. Wengi waliogopa neno "mgomo", na wengine waliogopa kufukuzwa kazi. Likabadilishwa likawa "siku ya mapumziko ya wanawake". Jambo lilikuwa lilelile. Tarehe 24 Oktoba takribani asilimia 90 ya wanawake wa nchi hiyo hawakwenda kazini, hawakupika, hawakulea, na akina baba wakaenda ofisini na watoto. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa wa kijinsia. Kwa hiyo bishaneni kwa dhati juu ya jina, saa hata mbili zikiisha, kwa sababu jina ndilo linalofungua au kufunga mlango kwa walio nje.

Mahali nako kuna uzito. Wanawake wa Liberia mwaka 2003, Wakristo na Waislamu, walivaa nyeupe wakidai vita viishe, wakakaa kwenye uwanja karibu na soko la samaki mjini Monrovia, mvua na jua, kwa sababu msafara wa Rais Charles Taylor ulipita pale. Asingeweza kusema hakuwaona.

Hatua ya 8: Siku ya kuonana na mkubwa

Nendeni watano. Wawili wazungumze, mmoja aandike, mmoja aangalie saa, na wa tano awe yule ambaye jambo limemgusa, kama ameridhia kuja. Fanyeni mazoezi jana yake: mmoja wenu ajifanye mkubwa, awe mkali, awacheleweshe, awasifie, awape soda, aseme "suala lenu ni zuri, tutalifanyia kazi". Maneno hayo ya mwisho ndiyo hatari kuliko ukali. Zoeeni kuyajibu: "Ahsante, mheshimiwa. Lini, na nani?"

Kabla hamjainuka, mwandishi asome kwa sauti alichoandika: "Tumekubaliana kwamba afisa fulani atakwenda kukagua njia Jumanne, na majibu yatatoka kabla ya mwisho wa mwezi." Akirekebisha, rekebisheni mbele yake. Kesho yake pelekeni barua yenye maneno hayohayo na mpigiwe muhuri kwenye nakala yenu. Nakala hiyo ihifadhiwe nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 9: Siku inayofuata

Tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 walifika kwenye ofisi za serikali mjini Pretoria, Afrika Kusini, kupinga wanawake Waafrika kulazimishwa kubeba pasi, yaani vitambulisho vya kudhibiti mahali wanapokwenda na kuishi. Walioongoza ni Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Waziri Mkuu Strijdom hakuonana nao. Wakaacha mafurushi ya sahihi mlangoni, wakasimama kimya nusu saa, wakaimba, wakarudi makwao. Serikali haikurudi nyuma, na sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, miaka 30 baadaye. Nalitaja hili kwa sababu kundi jipya likinyimwa mara moja hudhani limeshindwa, na watu huacha kuja.

Kwa hiyo kikao cha baada kipangeni mapema, tarehe yake iandikwe kabla ya tendo lenyewe kufanyika, ndani ya siku saba. Mkikataliwa, rudini kwenye ramani muone nani hamkumfikia. Mkikubaliwa, gawaneni kazi ya kufuatilia: nani atapita kwenye ile njia kila wiki kuangalia kama taa zinawaka, na ikizimika moja atamwambia nani. Wanawake wa Liberia, baada ya mkataba wa amani wa Agosti 2003, hawakutawanyika. Walielekea kwenye uchaguzi wa 2005, wakawahimiza wanawake kujiandikisha kupiga kura, soko kwa soko.

Katika kikao hichohicho badilisheni katibu. Daftari lipewe mdogo kuliko wote, na wa zamani akae kando yake vikao viwili akimwonyesha: upande huu tarehe, hapa aliyeahidi, hapa alichoahidi, na hii safu ya mwisho iache wazi mpaka utakapokiona kwa macho yako.